Mwaka Nilioogopa Kuanguka

Tulimzika Okoth kwao Pap Onditi, Jumamosi ya jua kali, na mimi na Daktari Nekesa tukapewa viti vya plastiki chini ya hema moja, kwa kuwa sisi ndio tuliokuja kama watu wa kazini. Daktari amezeeka. Alishuka kwenye gari akishikwa mkono na binti yake, na ilimchukua muda kunitambua. Chakula kilipoletwa, wali na nyama na kabeji, mjane wa Okoth, Mama Peris, aliacha wageni wengine akaja kuketi kati yetu, na tukazungumza hadi sahani zikapoa magotini. Niliporudi Kisumu jioni ile sikuweza kufanya kazi yoyote. Mwaka niliofanya kazi pamoja na Okoth ulikuwa umenirudia wote, chumba kwa chumba, pamoja na ile hofu yake, ambayo nilidhani nimeshaisahau.

Habari za utoto wangu nitaziacha, isipokuwa jambo moja ambalo bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Nikiwa mdogo niliugua malaria iliyopanda kichwani. Nikapona, lakini ikaniachia kifafa. Kwetu tunakiita ndulme, na watu hulitamka neno hilo kwa sauti ya chini, kama vile lenyewe linaweza kusikia likaja. Nilipomaliza chuo na kuajiriwa Kisumu, hakuna mtu wa kazini aliyejua. Nilikuwa na vidonge vyangu vyeupe, nilivyovichukua kila mwezi katika zahanati ya mbali na nilipoishi. Mara nyingi vilinizuia kuanguka, ila si kila mara. Kabla sijaanguka kinywa changu huwa kinapata ladha ya chuma, na mwaka ule nilikuwa nikijilamba meno siku nzima kuitafuta ladha hiyo, hata nikiwa naongea na mtu.

Maabara yenyewe ilikuwa vyumba vichache upande wa nyuma wa jengo la zamani lililopakwa rangi ya krimu. Chumba kikubwa kilikuwa cha samaki. Hakikuwa na dirisha. Rafu za chuma zilisimama kutoka sakafuni hadi juu, zimejaa matangi madogo ya plastiki, na katika kila tangi walicheza samaki wembamba, warefu kama kidole kidogo cha mkono, wenye mistari ya buluu ubavuni. Si samaki wa ziwa letu. Waliletwa kwa ndege wakiwa mayai, nao walitaka joto lisilobadilika na taa zinazowaka na kuzimika kwa saa. Pampu zilivuma kutwa. Ukiingia ulihisi umeingia ndani ya mnyama mkubwa aliyelala. Okoth ndiye aliyekuwa msimamizi wa chumba hicho, mtu mrefu, mpole, mwenye mabega yaliyoinama kwa kuchungulia matangi ya chini. Alikuwa akipiga mluzi nyimbo za kanisani huku akipima maji, na alinikaribisha siku ya kwanza kwa kunipa ndala za mpira.

"Hapa sakafu inateleza, nyaminwa," aliniambia, akiniita dada kama alivyowaita wasichana wote. "Ukianguka hapa utavunja kichwa."

Nilicheka, nikavaa ndala, na siku nzima sikupata hamu ya kula.

Kazi niliyopewa nilikuwa sijaulizia sawasawa nilipoiomba. Nilijua tu kwamba Daktari Nekesa anatafuta dawa akitumia samaki. Asubuhi ya pili aliniketisha mbele ya skrini, akanieleza kwa ile sauti yake ya chini ya watu wa Bungoma ambayo haikupanda hata alipokasirika. Samaki hawa, alisema, wakiwa vifaranga wa siku chache ni kama kioo, unaona moyo ukipiga na damu ikikimbia. Ubongo wao ni mdogo kuliko chembe ya chumvi, lakini mambo mengi ya msingi hufanya kama wetu. Ukimpa kifaranga ugonjwa wa binadamu, kisha ukamwekea kitu majini, ataponywa au hataponywa, na utajua mapema bila kumdhuru mtu. "Badala ya kujaribu kwa mtoto wa mtu," alisema, "tunaanza na huyu." Nikamwuliza ni ugonjwa gani tutakaoanza nao. Akavuta kiti, akawasha kamera, akasema, "Kifafa."

Katika sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo, kila kishimo kilikuwa na kifaranga mmoja. Walitulia. Daktari akadondosha dawa ya kuwaletea degedege. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mmoja akaanza kuzunguka, upesi, akigonga ukingo, kama anayetafuta mlango. Wa pili akafuata. Halafu wakakakamaa, wakalala ubavu, mikia ikitetemeka. Taa ya kumweka ikawaka mara moja, kwa sababu tulitaka kuona kama mwanga unawaamsha, na sahani nzima ikaruka kwa pamoja. Sikuwa nimewahi kujiona nikianguka. Hakuna anayejiona. Nilikuwa nikiamka tu na kuona nyuso za watu, mchanga mdomoni, nguo zikiwa zimelowa. Sasa nilikuwa nikiona kinachotokea katikati, tena kikiwa kimekuzwa na kuwekwa kwenye skrini. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Daktari alidhani nawaonea samaki huruma, akasema nitazoea.

Sikuzoea. Kila asubuhi niliwatia degedege na kila asubuhi niliingoja ladha ya chuma. Ile taa ya kumweka ndiyo iliyonitisha zaidi. Niliwahi kusoma kwamba wengine huangushwa na mwanga unaometameta, na sikujua kama mimi ni mmoja wao. Nilikuwa nikifumba macho kabla haijawaka, kisha nafumbua kuangalia skrini. Okoth aliniona siku moja. "Unaomba?" aliniuliza. Nikasema ndiyo. Baada ya hapo kila nilipofumba macho, yeye aliacha mluzi wake kwa heshima.

Nilipanga chumba Nyalenda pamoja na Beti, msichana wa Kakamega aliyeuza nguo za mitumba Kibuye. Yeye pekee alijua, kwa sababu nilianguka mbele yake wiki ya kwanza, kati ya kitanda na ndoo ya maji. Hakukimbia. Alisukuma jiko mbali, akangoja, kisha akaniuliza kama nitakula. Baada ya hapo akaweka sheria zake bila kunishauri. Sikuruhusiwa kupika akiwa hayupo. Sikuruhusiwa kufunga komeo la bafu. Jioni alikaanga omena na nyanya, akasonga ugali, nami nikaosha vyombo, tukala tukiwa tumeketi kitandani huku redio ya jirani ikitusomea habari kupitia mabati. Nyakati hizo hofu ilinipungua kidogo. Asubuhi ilikuwa ikinisubiri mlangoni.

Kulikuwa na bomba la maji ambalo ploti nzima tulilitumia, na pale nilisikia jambo ambalo sikumwambia hata Beti. Wanawake wawili walikuwa mbele yangu kwenye foleni, wakizungumza kwa Kijaluo juu ya msichana wa upande wa pili aliyeangukia jiko la makaa. Mmoja akauliza kwa nini hakuvutwa haraka. Mwingine akamjibu, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la wazi, "Alikuwa anatoa povu. Ungemshika wewe?" Yule wa kwanza akafikiri, akasema hapana, hangeweza, ana watoto nyumbani. Povu likikugusa, unabeba ndulme. Wakajaza mitungi yao, na mmoja akageuka akanisaidia kuinua wangu na kuuweka kichwani. Mkono wake uligusa wangu. Nilitembea hadi nyumbani nikijiuliza angefanya nini kama angejua amemgusa nani.

Katikati ya mwaka ndipo tulipopata kitu. Daktari alikuwa akikusanya mizizi na magome ambayo waganga wa Nyakach na Seme huwapa wagonjwa, na kuyakamua hadi yabaki maji ya rangi. Mengi hayakufanya lolote. Mengine yaliua vifaranga papo hapo. Kisha ikaja chupa moja ya maji ya kahawia hafifu. Tulipoitia, na kuongeza dawa ya degedege, vifaranga hawakuzunguka. Taa ikamweka. Hawakuruka. Walikaa vishimoni mwao wakipunga mapezi kama samaki wa kawaida katika siku ya kawaida. Tulirudia asubuhi iliyofuata, ikawa vilevile. Okoth alimwita mlinzi aje aone. Daktari alitununulia chapati na ndengu, tukala tumesimama jikoni.

Jioni nilimweleza Beti. Aliweka mwiko chini.

"Kwa hivyo hiyo dawa iko."

"Ni ya samaki, Beti. Bado."

"Iko kwa friji huko kwenu, na wewe unaumia hapa. Si ubebe kidogo tu? Nani atajua?"

"Haijajaribiwa kwa mtu."

"Mganga amepea watu miaka yote. Hao si watu?"

Nililala nikiwaza chupa ile, rafu ya pili, upande wa kushoto. Kesho yake nilifungua friji kutafuta kitu kingine, nikaiona, nikaufunga mlango kwa goti. Nilimwendea Daktari, nikamwuliza kama jambo la kupita tu, mtu akiinywa leo itakuwaje. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. "Njoo," akasema. Akaniketisha kwenye hadubini. Alikuwa ameacha baadhi ya vifaranga ndani ya maji yale ya kahawia kwa siku mbili zaidi. Walikuwa hai. Lakini mahali pa moyo palikuwa pamevimba kama puto, pamejaa majimaji, na moyo wenyewe ndani yake ulikuwa umenyooka kama uzi. Ulipiga. Nikangoja. Nikadhani umekoma. Ukapiga tena.

"Wametulia, ndiyo," alisema Daktari nyuma yangu. "Wametulia kwa sababu wanakufa polepole."

Sijui hadi leo kama wakati ule alikisia nilikuwa nikiuliza kwa ajili ya nani. Niliendelea kutazama. Kilichoniogofya kilikuwa jinsi nilivyoupenda utulivu ule nilipouona mara ya kwanza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vibaya upesi. Zahanati iliishiwa na vidonge. Muuguzi aliniambia nijaribu wiki ijayo, na wiki iliyofuata akaniambia hivyohivyo. Kulikuwa na duka la dawa Nyamasaria ambalo pengine lilikuwa navyo, lakini mwenye duka alikuwa akikaa benchi moja nami kanisani. Nilianza kukata kila kidonge nusu kwa wembe. Beti alipogundua alinigombeza, akasema ataenda dukani mwenyewe, na nikamsihi asiende, akakubali kwa uchungu kusubiri hadi mwisho wa wiki. Usingizi ulinihama. Nilitembea nikigusa kuta. Kazini nilisikia pampu zikibadilisha sauti na nikafikiri ni kichwa changu.

Ilikuwa asubuhi, saa ya chai, maabara imejaa watu. Wanafunzi wa chuo walikuwa wamekuja kutembelea, na Daktari alikuwa akiwaonyesha matangi. Nilikuwa nimesimama nikiwa na wavu mdogo mkononi. Ladha ya chuma ikaja. Nakumbuka nilimtafuta Okoth kwa macho, sijui kwa nini yeye, nikaona mgongo wake, nikataka kumwita. Zaidi ya hapo sina.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala ubavu juu ya sakafu iliyolowa, kichwa kikiwa mapajani mwa mtu. Tangi moja lilikuwa limeanguka nami, na samaki wachache walikuwa wakirukaruka karibu na uso wangu, hakuna aliyewaokota. Wanafunzi walikuwa wamebanana mlangoni. Msichana mmoja alikuwa amejifunika pua na mdomo kwa kitambaa. Okoth alikuwa akinipangusa kidevu kwa mkono wake mtupu, tena na tena, akinipa pole kwa Kijaluo, "Mos, nyaminwa. Mos. Uko kazini. Uko na mimi." Nilipojaribu kuinuka akanizuia kwa upole. Nikaona povu langu kwenye vidole vyake na nikataka kufa pale pale.

Walinilaza kwenye kochi la ofisi ya Daktari. Ukuta wa ofisi hiyo ulikuwa wa mbao nyembamba, na upande wa pili nilisikia sauti ya mtu wa utawala ikisema kwamba hawezi kuwa na mgonjwa karibu na kemikali na maji, kwamba kesho ataanguka juu ya kitu kibaya zaidi na wote watashtakiwa. Daktari akajibu kwamba ni kweli, huyu msichana hawezi kuendelea hivi. Hapo nilivuta koti langu jeupe nikajifunika uso. Nilianza kufikiri nitamwambia nini Beti, na nitaenda wapi. Kisha Daktari akaongeza kitu ambacho sikukisikia kwa sababu kiti kilikokotwa, na mlango ukafungwa.

Alipoingia alikuwa na hasira. Aliketi ukingoni mwa kochi.

"Tangu lini, Awuor?"

"Tangu nikiwa mtoto, Daktari."

"Na unakaa mbele ya ile taa yangu kila siku. Hukuona unaweza kuniambia?"

"Niliogopa."

Aliuangalia ule mlango wa chumba cha samaki. "Nimefanya kazi ya huu ugonjwa miaka mingi," alisema hatimaye. "Nilidhani mtu mwenye nao ataona ni rahisi kuniambia mimi kuliko mtu mwingine." Hakuonekana tena kuwa na hasira nami.

Sasa nieleze alichoniambia Mama Peris siku ya mazishi, kwa sababu mahali pake ni hapa. Siku ile niliyoanguka, Okoth alirudi nyumbani mapema. Hakuingia ndani. Alisimama uani akaomba sabuni ya kufulia na maji ya moto, akanawa mikono hadi viwiko, akabadilisha maji, akanawa tena, hadi ngozi ikawa nyekundu. Mtoto wao Peris alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, akamkimbilia, naye akarudi nyuma akapiga kelele asiguswe. Mkewe alidhani amemwagikiwa na sumu. Akamweleza. Alikulia Nyakach, na bibi yake alimfundisha kwamba povu la ndulme linahamia kwa anayeligusa. Kwa miaka alikuwa amefanya kazi na Daktari Nekesa, amesikia mara nyingi kwamba haliambukizi, na alikubali kwa kichwa. "Lakini mwili wake haukukubali," Mama Peris aliniambia. Alilala peke yake kwa juma zima kwenye chumba cha wageni. Asubuhi alikuwa akijilamba meno na kumwuliza mkewe kama macho yake yako sawa. "Nikamwuliza, basi kwa nini ulimshika? Akasema hakukuwa na mtu mwingine aliyesogea." Mama Peris alilisema hilo akiwa ametazama sahani yake, kisha akaniomba radhi kama nimeudhika. Sikuwa nimeudhika. Nilimshika mkono.

Niseme pia mambo yalivyoishia. Daktari alinipeleka mwenyewe kwa mtaalamu wa ubongo, akakaa kwenye benchi pamoja nami hadi jina langu likaitwa. Nilibadilishiwa dawa. Nilianguka mara chache tena mwaka ule, kisha kwa nadra sana, na sasa imepita miaka mingi. Maji yale ya kahawia hayakuwa dawa, ingawa Daktari alitenga kitu ndani yake na kuwapa wenzake wa nje waendelee nacho, na sijasikia tena habari zake. Maabara ilifungwa wafadhili walipochoka. Nilikwenda kusomesha biolojia, na huko ndiko nilikozeekea.

Kuhusu kurudi kazini, Daktari alituita sote jikoni baada ya siku kadhaa. Alisema Awuor ataendelea na kamera, kwa sababu hakuna anayeisoma vizuri kuliko yeye, lakini hatagusa kemikali kali, na hatakaa mbele ya skrini peke yake. Ile taa ya kumweka itakuwa na kizuizi upande wake. Akauliza nani atakaa naye. Watu waliangalia vikombe vyao. Kijiko kilizunguka ndani ya chai ya mtu kwa muda mrefu. Okoth akasema, "Mimi nitakaa."

Asubuhi iliyofuata alileta viti viwili vyenye mikono, akaviweka kimoja kando ya kingine. Alikuwa amefunga shati hadi kwenye koo. Hakupiga mluzi. Nilidondosha dawa, tukangoja, na vifaranga wakaanza kuzunguka mmoja mmoja, wakigonga kingo za vishimo vyao. Nikamwambia kwamba naogopa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu yeyote pale kazini. Aliweka mkono wake mezani, ukiwa wazi, nami nikaushika, na tukatazama skrini pamoja hadi yule wa mwisho akatulia. Mkono wake ulikuwa baridi, umelowa kabisa. Nilidhani ni maji ya samaki.